Andika kizuizi kama unavyoandika deni

Kibandani kwangu Kaptembwo, hapa Nakuru, kuna daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ni la madeni. Nani amekula chapo mbili na madondo akasema atalipa Ijumaa, nani amekunywa chai akaondoka mbio kuwahi matatu. Mwaka 2018 nililigeuza daftari hilo nikaanza kuandika kutoka nyuma kuja mbele. Huku nyuma hamna jina la mteja yeyote. Kuna siku zangu nilizokosa kusoma, na kitu kilichonikosesha.

Shule niliiachia mlangoni mwa kidato cha tatu. Ilikuwa mwisho wa Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, na familia yetu ikajikuta kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na watu wengine wengi, tukilala chini ya turubai. Mama alikuwa ametoka nyumbani na mfuko mmoja tu wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake, shuka la mtoto, na cheti changu cha 2005 cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kimekunjwa mara nne. Karo haikupatikana tena. Miaka kumi baadaye, nikiwa na watoto wawili na majiko mawili ya makaa, niliamua kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaufanya. Ninaandika namna nilivyopita kila mahali palipokuwa pamefungwa, nikiamini yatamfaa hata mtu ambaye lengo lake ni kujenga nyumba, kuacha pombe au kupata leseni ya udereva.

Jua kwanza unazuiwa na nini

Miezi minne ya kwanza nilijiita mvivu. Nilikuwa nikiamka saa tisa u nusu usiku kukanda unga, nauza mpaka jioni, napikia watu wangu, kisha saa tatu usiku nafungua kitabu. Saa tatu na robo nimelala. Nilinunua taa yenye mwanga mkali, nikanywa kahawa, nikaahidi mbele ya Mungu. Kesho yake ilikuwa vile vile.

Siku moja mteja mmoja alikana deni. Sikubishana naye. Nilifungua daftari nikamwonyesha: Jumanne, ndengu na chapati tatu, saa saba mchana. Alinyamaza, akatoa pesa. Jioni hiyo nilijiuliza mbona mimi na nafsi yangu tunabishana kila usiku bila maandishi yoyote. Uvivu niliokuwa nikijilaumu nao haukuwa na tarehe wala saa. Yaliyokuwa yakinizuia, kila moja lilikuwa na tarehe yake.

Basi fanya hivi. Kwa wiki tatu usijaribu kujirekebisha. Endelea na lengo lako kama kawaida, na kila siku utakayokosa, andika siku, saa, na kilichotokea. Usiandike hisia. Usiandike "sina nidhamu" wala "nilichoka na maisha". Andika kile ambacho mtu aliyesimama mlangoni angekiona kwa macho yake. Kwangu ilikuwa hivi:

Jumatatu, saa tatu usiku. Nililala juu ya ukurasa wa kwanza.
Jumatano. Tokeni za stima ziliisha.
Ijumaa. Simu kutoka nyumbani kwa mume wangu, kuna msiba.
Jumamosi, saa kumi jioni. Nilifungua hesabu, nikafunga, nikaosha sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Baada ya siku ishirini na moja nilihesabu. Nilikuwa nimekosa siku kumi na sita. Kati ya hizo, tisa zilikuwa jambo moja kwa saa moja: usingizi wa saa tatu usiku. Tatu zilikuwa hesabu. Mbili stima, moja msiba, moja mtoto kuwa na homa. Nilikaa nikilitazama lile daftari kwa muda mrefu. Miezi minne nilikuwa nimejisema vibaya kila usiku kwa sababu ya saa moja niliyoichagua vibaya. Kila kizuizi kina saa yake, na ukishaijua saa hiyo, kazi yako inapungua sana.

Hamisha lengo, usipigane na saa

Kibanda kina saa yake ya kimya. Watu wa chakula cha mchana huisha kama saa nane. Wa chapati za jioni huanza saa kumi. Katikati hapo nilikuwa nikikaa kwenye stuli nikitazama simu, na nikiulizwa ningesema sina hata dakika moja ya kupumzika. Nilihamishia masomo hapo, saa nane mpaka saa tisa u nusu. Vitabu niliviweka ndani ya debe tupu la unga chini ya meza, kifuniko kimefungwa, ili visinuke mafuta ya kupikia. Akija mteja namhudumia, narudi.

Tafuta saa yako ya kimya. Mtu wa boda boda huwa nayo asubuhi, wanafunzi wakishafika shule. Kinyozi huwa nayo siku za katikati ya wiki kabla ya jioni. Askari wa lango huwa nayo usiku wa manane, ingawa yeye inabidi asome akiwa amesimama. Saa ya kimya si lazima iwe ndefu. Kinachotakiwa ni iwe ile ile kila siku, na vifaa vyako viwe palepale, hatua mbili kutoka ulipo.

Pia kuna kazi ambazo mikono inafanya na kichwa kiko huru. Kusukuma chapati ni kazi ya namna hiyo. Niliweka chaki kwenye ukingo wa meza, na kwenye mabati ya ukuta niliandika kile nilichotaka kukumbuka wiki hiyo. Kila chapati moja, ngeli moja: hii A-WA, hii KI-VI, hii LI-YA, mpaka nafika PA-KU-MU na donge linalofuata tayari liko mkononi. Mvuke wa maharagwe ulikuwa ukifuta maandishi kufikia saa sita, nami naandika upya. Kuandika upya huko ndiko kulikonifundisha zaidi.

Pale unapoona aibu, shuka chini

Hesabu haikuwa na saa ya kuhamishwa. Hata saa nane mchana, macho yakiwa mazima, nilifungua kitabu nikahisi kifua kimebana. Hiki ni kizuizi cha namna nyingine, na watu wengi huacha malengo yao hapa bila kumwambia mtu.

Nina mteja mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwomba anisaidie kujua nimekwama wapi. Alinipa karatasi ya kwanza ya hesabu ya mwaka mmoja uliopita, akaniambia nijibu nitakachoweza bila msaada. Katika maswali kumi na sita ya sehemu ya kwanza, nilipata mawili. Mwalimu hakutazama yale niliyoacha wazi. Alitazama niliyojaribu nikakosea, akaweka kidole sehemu moja, ya pili, ya tatu. "Mama Mercy, hujakwama kwenye logarithimu. Umekwama kwenye kujumlisha sehemu. Hii ni ya darasa la sita."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Lakini sikujisikia vibaya kama nilivyotarajia. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa nyoka anayemwogopa ni kamba.

Jirani yangu alikuwa na mtoto wa darasa la sita. Tulikubaliana: somo moja, chapati mbili. Siku ya kwanza nilimwuliza mbona robo ukijumlisha na theluthi jibu si mbili juu ya saba. Mtoto yule hakuandika kitu. Alichukua chapati mbili zilizolingana. Moja akaikata vipande vinne, nyingine vitatu. "Sasa hivi vipande havilingani, huwezi kuvihesabu pamoja," akasema. Kisha kila kipande cha ile ya kwanza akakikata mara tatu, na kila kipande cha ya pili akakikata mara nne. Chapati zote mbili zikawa na vipande kumi na viwili, vyote vya ukubwa mmoja. Ile robo ilikuwa na vipande vitatu, ile theluthi vinne. Saba kati ya kumi na mbili. Tangu nizaliwe nilikuwa nakata chapati na sikuwahi kuliona jambo hilo. Tulikula hesabu yetu na chai, na wiki ile ile nilimaliza mada yote ya sehemu.

Kwa hiyo, ukiona kitu kinakutia hofu kila ukikigusa, omba mtu anayekijua atazame makosa yako, akuonyeshe mahali pa chini kabisa unapoteleza. Anzia hapo, hata kama ni darasa la sita, hata kama mwalimu wako ana miaka kumi na miwili. Ukishasimama chini, jifunze pia umbo la mtihani wenyewe. Karatasi ya hesabu ina alama 100. Sehemu ya kwanza ni maswali kumi na sita mafupi ya alama 50, yote ni lazima. Sehemu ya pili ina maswali manane, unachagua matano, kila moja alama kumi. Nilipolielewa hilo niliacha kujitesa na mada zote. Nilichagua sita nitakazozijua vizuri kwa sehemu ya pili, nikabaki nazo mwaka mzima.

Kuhusu aibu ya watu, nitasema kwa kifupi. Kuna waliosema ninaenda ngumbaru. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na vurugu zile zile za 2008 zilizoniondoa shuleni zilimfanya na yeye kuwa mkimbizi, lakini aliendelea kwenda darasani akitokea kambini. Nilikuwa nikimfikiria kila nikisikia kicheko. Hata hivyo ushauri wangu ni huu: usimwambie kila mtu. Waambie wale tu ambao wana kazi ya kufanya katika lengo lako. Mimi niliwaambia watatu. Mume wangu, kwa sababu ya watoto Jumamosi jioni nikiwa kituo cha elimu ya watu wazima. Mwalimu, kwa sababu ya kusahihisha. Na mama mkwe, kwa sababu ya matanga.

Matanga na pesa

Nimeolewa Vihiga. Anayejua magharibi mwa Kenya anajua maana yake: msiba ukitokea, mke wa nyumba hana udhuru. Unapika, unachota maji, unalala huko siku nne, tano. Kutoka Nakuru hadi Mbale, huko Vihiga, na kurudi, hata ukiharakisha, siku mbili zimekwisha. Sisemi desturi ni mbaya. Nilipofiwa na baba, wanawake wale wale ndio walionishika. Kwa hiyo nilijua siwezi kukwepa kimya kimya halafu nitafute uongo wa kusema.

Desemba 2019, tulipokwenda kwa Krismasi, nilikaa na mama mkwe jikoni tukichambua mboga. Nilimwambia, "Mama, mwaka ujao nina mtihani. Nikija kila msiba siku zote, nitaanguka. Naomba unielekeze nifanye nini nisionekane nimeidharau nyumba." Alichambua kimya kidogo. Akasema, "Mwanangu, wewe njoo siku ya mazishi. Mchango wako tuma mapema, usisubiri kuulizwa. Hayo maneno mengine ya watu niachie mimi." Na kweli aliyabeba. Kama ningesubiri msiba utokee ndipo nijieleze kwa simu, ningeonekana mkaidi. Zungumza na wakubwa wakati hakuna shida, ana kwa ana, na uwaombe ushauri badala ya kuwapa taarifa.

Pesa zina njia yake. Mtahiniwa wa kujitegemea anajilipia ada ya mtihani mwenyewe, na ada hiyo hudaiwa mwanzoni mwa mwaka, wakati ule ule karo na sare za watoto zinadaiwa. Chama chetu cha kuchangiana kilikuwa na wanawake kumi na wawili, shilingi mia mbili kila wiki. Zamu yangu ilikuwa ikianguka Aprili. Nilimtafuta mwenzangu aliyekuwa na zamu ya Februari, ambaye kumbe alihitaji pesa Aprili kwa ajili ya mbolea ya shamba lake Njoro. Tulibadilishana. Zilizobaki nilizifungia kwenye M-Shwari, akiba ya kwenye simu, kwa sababu pesa iliyo wazi kwenye simu ya mama wa kibanda huisha kwa unga na makaa bila yeye kuona. Na ukienda kujisajili, linganisha majina yako kwenye cheti cha KCPE na kitambulisho, herufi kwa herufi, kabla hujalipa. Mwenzetu mmoja darasani alikuwa na herufi moja tofauti, akazungushwa wiki tatu.

Ukianguka, futa deni

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo nilipokaribia kuacha.

Mteja akiwa na deni la shilingi hamsini, kesho anakuja, anakula, analipa. Likifika mia tatu, anaanza kuja jioni giza likiingia, anaagiza akitazama pembeni. Likifika elfu moja humwoni tena. Anapita barabara ya nyuma, kule kwa fundi wa magari, na anakula kwa mwenzangu kwa pesa taslimu. Pesa za kula anazo. Anachokwepa ni uso wangu. Kwa miaka mingi nimejifunza kumwita mtu wa namna hiyo mwenyewe: "Baba Otis, njoo ule. La zamani tutaliongea mwisho wa mwezi." Akija, hulipa kidogo kidogo. Nikimsubiri aje na elfu nzima, nimepoteza deni na nimempoteza mteja.

Julai 2019 mtoto wangu wa pili alilazwa na nimonia, usiku nane hospitalini. Jumla nilikosa siku kumi na moja. Niliporudi nilitengeneza ratiba ya kufidia: badala ya saa moja na nusu, saa tatu kila siku mpaka nifikie wenzangu. Siku ya kwanza niliweza saa moja na nusu, kwa hiyo deni likabaki. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne sikulifungua debe. Siku ya saba niligundua ninazunguka meza upande wa pili nikienda kuchukua makaa, ili nisipite karibu na debe lile. Nilikuwa nimeshakuwa mteja wa barabara ya nyuma.

Nilichukua daftari. Juu ya siku zile kumi na moja, na saba zilizofuata, nilichora mstari mmoja mrefu, nikaandika pembeni: zimesamehewa. Kesho yake saa nane nilisoma ukurasa mmoja wa biolojia, jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, nikafunga. Siku iliyofuata kurasa mbili. Wiki iliyofuata nilikuwa nimerudi kwenye saa yangu.

Kwa hiyo usifidie. Mada uliyoikosa utaikuta tena wakati wa marudio. Siku ya kurudi iwe ndogo kuliko siku zote: ukurasa mmoja, tofali moja, shilingi ishirini kwenye kibubu, jioni moja bila kupita baa. Usiweke sharti lolote la jana juu yake. Najua kuna watu watakaosema huko ni kujidekeza. Wameniambia. Mimi nimeendesha daftari la madeni kwa miaka na nimeona kwa macho yangu nani hurudi na nani hupotea.

Kizuizi kilichokuzidi

Nilijisajili mwanzoni mwa 2020. Machi 15 ikatangazwa shule zifungwe kwa sababu ya korona. Machi 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi ambaye nilikuwa nawasha jiko kibandani saa kumi usiku sikuweza tena kutoka nyumbani, wala kuuza chapati za jioni. Mapato yalishuka kwa zaidi ya nusu. Mtihani wa Novemba ulisogezwa hadi mwaka uliofuata.

Vizuizi vya aina hii havina saa ya kuhamia, wala hakuna wa kwenda kuzungumza naye jikoni. Nilichofanya ni kupunguza bila kuacha. Nilijiambia ukurasa mmoja kwa siku mpaka tarehe mpya itangazwe. Siku nyingine niliusoma nikiwa na njaa na wasiwasi, nikikumbuka nusu yake. Lakini debe lilifunguliwa kila siku, na tarehe ilipotangazwa sikuhitaji kutafuta vitabu viko wapi.

Mtihani ukafanyika Machi na Aprili 2021, na bado haukutuachia. Ijumaa ya Machi 26, Rais alifunga kaunti tano, Nakuru ikiwemo. Kafyu ikarudishwa saa mbili usiku, na vibanda vikakatazwa watu kukaa kula ndani. Ni kufunga na kubeba tu. Kilichoniokoa ni jambo nililolifanya miezi mitatu kabla. Wifi yangu alikuwa amekuja kukaa nasi, nami nilimfundisha kibanda chote: kiasi cha chumvi kwa kilo mbili za unga, nani wa kukopeshwa na nani si wa kukopeshwa. Nilimwacha peke yake Alhamisi nzima nzima huku mimi nikikaa nyumbani, ili makosa yake yatokee mapema. Siku ya korona kutuzidi, alifunga chapati kwenye karatasi, akauzia watu dirishani, nami nikaenda chumba cha mtihani bila simu na bila kugeuka nyuma. Mtu atakayekushikia kazi siku yako kubwa mfundishe mapema, na umwache akosee ukiwa bado una nafasi ya kurekebisha.

Jambo la maabara nalo lisikupite. Sisi wa kujitegemea tunasoma sayansi kwenye karatasi, kisha siku ya mtihani unakabidhiwa bureti, ule mrija wenye koki wa kudondoshea kimiminika. Niliomba kituo nilichosajiliwa waniruhusu kuingia maabara, wakanipa Jumamosi mbili. Mara ya kwanza niliifungua koki ya bureti kama bomba la maji, asidi ikamwagika, na ile rangi ya waridi ya fenolifthalini kwenye flaski ikapotea yote kwa mara moja. Fundi wa maabara, mzee mpole, akaniambia, "Mama, tone moja. Halafu tikisa. Halafu subiri." Mara ya tano niliona tone moja likigusa, rangi ikatoweka katikati kisha ikarudi, tone lingine, ikarudi kidogo, lingine, ikaondoka na haikurudi. Mtihani ulipokuja, mkono wangu ulishajua. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala.

Matokeo yalitangazwa Mei 10, 2021. Nilipata C-, hesabu D+, Kiswahili B. Wastani niliokuwa nautaka ni C ya kawaida. Nililia kidogo, nikaenda kukanda. Kwa cheti hicho nilijiunga na kozi ya upishi katika chuo kimoja hapa mjini, masomo ya jioni, na daftari likafunguliwa ukurasa mwingine wa nyuma.

Sasa kuna kijana makanga wa matatu zetu za Kaptembwo anayekula kwangu kila asubuhi. Miaka mitatu anasema atachukua leseni, aendeshe yeye. Wiki jana aliniambia ameshindwa, yeye ni mvivu tu. Nilimkatia kurasa sita za katikati ya daftari, nikamwambia aandike siku, saa na kilichotokea, neno uvivu haliruhusiwi. Leo ni siku yake ya tisa. Ameziacha hizo karatasi hapa mezani chini ya chupa ya chai, na nimezisoma kwa ruhusa yake. Siku tano zilizokosekana, nne ni saa moja jioni, stendi, akisubiri hesabu ya mwenye gari. Kesho akija nitamwuliza kati ya saa nne na saa sita asubuhi huwa yuko wapi.